Hilux ya 22R ikivuta hewa: kulipata tundu na kuliziba

Hilux ya zamani yenye injini ya 22R ikianza kutetemeka kwenye silensa (injini ikizunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta), kukohoa kupitia kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, au kuzimika kila ukiachia mafuta, wa kwanza kulaumiwa ni kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, skrubu zinazungushwa, na mara nyingi inanunuliwa nyingine. Baada ya siku chache hali ni ileile, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya kabureta. Kuna mahali injini inanyonya hewa isiyopita kwenye kabureta. Mahali hapo panapaswa kupatikana kabla hujagusa skrubu hata moja, maana ukishaharibu mpangilio wa skrubu utakuwa na matatizo mawili na hutajua lipi ni lipi.

22R ni injini ya petroli ya silinda nne, cc 2366, iliyotoka mwaka 1981 na kuendelea kufungwa kwenye Hilux hadi miaka ya 1990. Bloku yake ni chuma, hedi ni aluminiamu. Manifoldi ya hewa, yaani mikono inayogawa hewa kwa silinda, imefungwa ubavu mmoja wa hedi na ya eksosi ubavu wa pili, jambo litakalokusaidia sana wakati wa kupuliza dawa ya kupima. Nyingi zina kabureta. Zile zenye herufi E mwishoni, 22R-E, zina injekta na kompyuta, na tabia yake ikivuta hewa ni tofauti, kwa hiyo zimepewa sehemu yake huko chini.

Kwanza jua hewa inakosea wapi

Njia ya hewa ina vipande vitatu, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Kipande cha kwanza ni kutoka mdomo wa eya klina (boksi la kichujio cha hewa) hadi kichujio. Hapa tatizo ni kuziba: kichujio kimejaa vumbi, au panya ameweka majani ndani ya bomba la kuingizia. Injini inakosa pumzi, gari linakuwa zito mlimani, moshi mweusi unatoka na petroli inaisha haraka.

Kipande cha pili ni kutoka kichujio hadi mdomo wa kabureta. Tundu la hapa halibadilishi mchanganyiko wa hewa na petroli, kwa sababu hewa bado inapita kwenye kabureta na kupimwa. Gari litaenda vizuri kabisa huku likimeza vumbi. Ndiyo maana tundu hili huua injini nyingi kwenye barabara za vumbi bila mwenye gari kujua.

Kipande cha tatu ni kutoka kwenye kipepeo cha kabureta, yaani lile bamba linalofunguka ukikanyaga mafuta, hadi kwenye valvu. Hapa ndipo penye mvuto mkali, yaani vakyumu, nguvu ya injini kunyonya. Tundu lolote linaingiza hewa isiyo na petroli na mchanganyiko unakuwa mwepesi kuliko injini inavyohitaji.

Tofauti kati ya kuziba na kuvuta hewa unaweza kuipata bila kifaa chochote. Kwenye silensa kipepeo kimefungwa karibu kabisa, mvuto ndani ya manifoldi uko juu, na hewa halali inayopita ni kidogo sana. Kwa hiyo hata tundu dogo huleta sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta hadi chini, mvuto unakaribia sifuri na hewa halali ni nyingi mno kiasi kwamba tundu lilelile halionekani. Gari linalotetemeka limesimama lakini linatulia kwenye mwendo wa kilomita 80 linavuta hewa. Gari lenye silensa nzuri linalochoka mlimani limeziba hewa au halipati petroli ya kutosha. Jiulize swali hili kabla hujafungua boneti.

Dalili nyingine za kuvuta hewa: silensa iko juu na haishuki hata ukilegeza skrubu ya mwendo hadi mwisho, sauti ya "fyuuu" inayobadilika ukikanyaga mafuta, gari kusita kwa nusu sekunde unapoanza kuondoka, mlipuko mdogo kurudi kupitia kabureta, na injini kuhitaji choki muda mrefu kuliko zamani.

Vitu vinavyofanana na kuvuta hewa

Vipo vitu vinne vya kuondoa kwanza, la sivyo utatafuta tundu lisilokuwepo.

Solenoidi, yaani valvu ya umeme, ya kukata petroli iliyo ubavuni mwa kabureta. Ikikosa umeme au ikiungua, tundu la petroli ya silensa linabaki limefungwa, na gari litakataa kabisa kusimama kwenye silensa ingawa linaenda vizuri ukikanyaga. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wake kisha uuguse tena: lazima usikie "tak". Kimya maana yake ni waya au solenoidi yenyewe.

Tapeti. Kwenye 22R nafasi kati ya tapeti na valvu hupimwa injini ikiwa na moto: valvu za hewa 0.20 mm, za eksosi 0.30 mm. Tapeti iliyobana huacha valvu wazi kidogo na hutoa mtetemo uleule wa kuvuta hewa. Wenye haraka hubana tapeti ili ziache kugonga, na hapo ndipo shida inapoanzia. 22R hugonga kidogo kwa asili yake, iache igonge.

Moto wa plagi. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Waya mbovu unaomisi silinda moja hutetemesha gari kwenye silensa na pia kwenye mwendo, na hapo ndipo unapoutofautisha.

Choki iliyokwama. Injini ikiwa na moto, bamba la choki juu ya kabureta lazima lisimame wima kabisa. Likiwa limelala, moshi mweusi na plagi nyeusi ni matokeo yake, kinyume kabisa cha kuvuta hewa.

Soma plagi

Endesha gari dakika ishirini, zima, acha ipoe kidogo, kisha toa plagi zote nne na uzipange kwa namba. Rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri. Nyeupe kama chaki ni mchanganyiko mwepesi. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi au hewa iliyoziba. Nyeusi yenye majimaji ni oili.

Kinachotafutwa zaidi ni tofauti kati ya plagi na plagi. Zote nne zikiwa nyeupe, hewa inaingia mahali panapogawia silinda zote: chini ya kabureta, kwenye mpira wa busta ya breki (kifaa kinachotumia mvuto kurahisisha kukanyaga breki), au mpira mkubwa wa kunyonya mvuke wa oili. Moja au mbili zikiwa nyeupe na nyingine kahawia, tundu liko karibu na silinda hizo, na karibu kila mara ni gasketi ya manifoldi kwenye tundu la silinda hiyo, au kipua, yaani kibomba kidogo cha kuchomekea mpira, kilicho kwenye mkono wake wa manifoldi. Hatua hii peke yake hupunguza eneo la kutafuta kwa nusu, na haina gharama.

Kutafuta tundu, hatua kwa hatua

1. Macho na mikono, injini ikiwa imezimwa. Toa eya klina uone kabureta yote. Fuata kila mpira wa mvuto kutoka mwanzo hadi mwisho. Mipira ya gari la miaka thelathini huwa migumu kama plastiki. Ikunje kwa vidole, hasa sentimita mbili za mwisho kwenye kila kipua, maana ndipo inapopasuka. Angalia vipua vilivyobaki wazi. Magari mengi yameng'olewa vifaa vya kupunguza moshi na vipua vyake kuzibwa kwa kipande cha mpira chenye bolti ndani. Mpira huo ukikauka unapasuka chini, upande usioonekana.

2. Shika kabureta kwa mikono miwili uitikise. Isicheze hata kidogo. Chini yake kuna kipande kinene cha kuzuia joto, kimewekwa kati ya gasketi mbili. Kipande hicho hupinda na kupasuka, na nati za kabureta hulegea kwa mtetemo. Kama kabureta inacheza, umeshapata, ila endelea na hatua nyingine kwa sababu matundu mawili kwenye gari moja ni jambo la kawaida.

3. Kubana mipira moja moja. Washa injini hadi ipate moto. Chukua koleo, funga tambara kwenye meno yake ili usikate mpira, na ubane kila mpira mmoja mmoja karibu na manifoldi. Ukibana na silensa ikabadilika sana, iwe imetulia au imeshuka, tatizo liko kwenye mpira huo au kwenye kifaa kilicho mwisho wake. Mitatu inastahili uangalifu zaidi.

Mpira wa busta ya breki ndio mnene kuliko yote, na tundu lake ndilo kubwa kuliko yote. Kupima busta: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano, bakiza mguu ukiwa umekanyaga, kisha washa. Pedeli lazima izame kidogo. Isipozama, busta au valvu yake ya njia moja imekufa. Kama silensa inabadilika kila ukishikilia breki, ngozi ya ndani ya busta imetoboka. Hili lisisubiri, kwa sababu breki za gari lenye mzigo zinategemea busta hiyo.

Mpira wa mvuke wa oili una valvu ndani yake. Itoe uitikise: lazima igonge kwa ndani. Ikiwa kimya imeganda kwa masizi. Ikiganda wazi inaingiza hewa nyingi mno kwenye silensa. Ikiganda imefungwa, presha inajaa ndani ya injini na oili inaanza kuvuja kwenye sili. Kuosha kwa petroli husaidia kwa muda tu. Valvu mpya ni bei ndogo, nunua.

Mpira wa distribyuta unaenda kwenye kisahani cha kusogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto. Uchomoe upande wa kabureta, vuta kwa mdomo kupitia kipande safi cha mpira, kisha ziba kwa ulimi. Mvuto ukibaki, ngozi ni nzima. Ukipotea mara moja, imetoboka: gari linavuta hewa na taimingi haisogei, ndiyo maana mara nyingi gari la namna hii ni zito pia.

4. Maji kabla ya dawa. Tumia chupa ya kupulizia yenye maji, injini ikiwa kwenye silensa. Pulizia kidogo kidogo kwenye mguu wa kabureta, kwenye mstari wa gasketi ya manifoldi na hedi kuanzia silinda ya kwanza hadi ya nne, juu na chini, halafu kwenye ncha mbili za mhimili wa kipepeo. Maji huziba tundu kwa muda na silensa hubadilika. Usimwagie distribyuta wala waya za plagi. Maji hayawaki moto, na hupata matundu mengi.

5. Dawa ya kuoshea kabureta, pale maji yaliposhindwa. Hii inawaka. Kizimamoto kiwe karibu, eksosi isiguswe, waya za plagi ziwe nzima, na upulizie kwa mrija wake mwembamba, nusu sekunde tu kila mahali. Kwa kuwa eksosi ya 22R iko upande wa pili wa hedi, hatari ni ndogo kuliko kwenye injini zenye manifoldi zote mbili upande mmoja, lakini ipo. Ukigusa tundu, dawa inaingia kama petroli, mchanganyiko unakuwa mzito na silensa inapanda. Anzia chini kwenda juu, maana mvuke ukishuka unaweza kukudanganya kwa kuingia mahali usipopulizia. Kamwe usitumie petroli ya kwenye kopo kwa kazi hii.

6. Moshi, kwa tundu lililojificha. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ziba mdomo wa kabureta kwa kifuniko cha mpira, ingiza moshi kwenye kipua cha busta ya breki na uangalie unakotokea. Moshi mzuri unatokana na mafuta ya madini mepesi yanayochemshwa na plagi ya kupashia joto ya injini ya diseli ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, lililowekwa mbali na gari. Presha isizidi psi 1. Pampu ya mguu inatosha. Kompresa ya gereji bila kipunguzi itasukuma sili za krenki nje. Moshi ukitokea kwenye kifuniko cha oili usishtuke, umepita kwenye mpira wa mvuke wa oili. Ubane huo mpira kisha urudie.

Geji ya vakyumu na suala la mwinuko

Geji ya vakyumu ni chombo kinachostahili kununuliwa kabla ya spana ya pili. Iunge kwenye kipua cha manifoldi chini ya kipepeo, injini ikiwa na moto, kwenye silensa. Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa, injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale umetulia.

Hesabu inayosahaulika ni ya mwinuko. Kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, injini hiyohiyo isiyo na kasoro itaonyesha kati ya 12 na 15. Arusha, karibu mita 1,400, itakuwa 13 hadi 16. Ukisoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari utafungua manifoldi nzima bure. Kwa sababu hiyohiyo gari lililorekebishwa Mombasa hula petroli nyingi likifika Nairobi: hewa ya huko ni nyepesi na kabureta haijui hilo.

Mshale uliotulia lakini uko chini kwa inchi tatu au zaidi ya kipimo cha mahali ulipo ni kuvuta hewa kwenye manifoldi, au taimingi iliyochelewa. Tofautisha kwa taa ya taimingi. Mshale unaodondoka kwa mpigo sawasawa ni valvu iliyoungua au kubana. Mshale unaotikisika haraka ni gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) zilizolika. Ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na mshale ukazidi kushuka polepole ukiwa umeshikilia hapo, eksosi imeziba.

Kutengeneza

Mipira ya mvuto badilisha yote kwa pamoja. Kubadilisha mmoja uliopasuka na kuacha wenzake wa umri uleule ni kujitafutia kazi mwezi ujao. Pima kipenyo cha kipua kwa mkia wa biti ya drili, na nunua mpira mdogo kidogo ili ubane wenyewe. Mpira mwembamba wa maji usitumie. Ukipata joto unalainika na mvuto unaubana hadi unaziba. Wa busta lazima uwe wa busta, wenye nyuzi ndani. Badilisha mmoja mmoja, usichomoe yote kwa mpigo.

Mguu wa kabureta: chomoa betri, ziba mpira wa petroli, chomoa kamba ya mafuta na mipira ukiwa umeiandika kwa tepu ya karatasi. Toa nati, inua kabureta, toa kipande cha kuzuia joto. Kiweke juu ya kioo. Kama kinacheza kimepinda, na dawa yake ni kipya. Gasketi mbili mpya, kavu. Kaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Mguu wa kabureta ni laini, na kukaza kupita kiasi ndiko kunakoupinda na kurudisha tatizo lilelile.

Gasketi ya manifoldi ya hewa ni kazi ya nusu siku, na ina mtego wake: kwenye 22R maji ya kupoza injini yanapita ndani ya manifoldi, na nyumba ya themostati imefungwa hapo. Usipomwaga maji ya rejeta kwanza, yataingia kwenye matundu ya silinda. Kwa sababu hiyo pia gasketi iliyokufa inaweza kuonekana kama rejeta inayopungukiwa maji bila kuvuja chini. Ukiona hewa inavutwa na maji yanapungua kwa pamoja, usitafute zaidi.

Injini iwe baridi kabisa. Mwaga maji, toa kabureta, chomoa mipira ya maji na ya mvuto. Legeza bolti na nati za manifoldi kuanzia kwenye ncha kuelekea katikati, robo mzunguko kila moja, ili isipinde. Ikishatoka, jaza vitambaa safi kwenye matundu manne ya hedi kabla hujakwangua chochote. Kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu au shaba. Usitumie mashine yenye kisahani cha msasa: hedi ni aluminiamu na inalika papo hapo, na unga wa msasa ukiingia ndani unasaga beringi za krenki.

Weka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na ujaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Zaidi ya 0.20 mm inapelekwa kwa fundi wa mashine kunyooshwa. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo sababu gasketi mpya hudumu miezi miwili tu.

Gasketi iwekwe kavu. Silikoni ya kopo haina kazi hapa: petroli huilainisha, vipande vyake vinanyonywa hadi kwenye valvu, na kiasi kinachobaki hakibani. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, mwisho Nm 19. Bila spana ya kupimia, huo ni mkazo wa mkono mmoja kwenye spana fupi, wala usirefushe mpini kwa bomba. Jaza maji, washa hadi injini ipate moto, zima, acha ipoe usiku, kisha pitia bolti zote mara moja tena.

Mhimili wa kipepeo uliolika ndio pekee ambapo kununua kabureta nyingine ni jibu halali. Ukiushika na kuutikisa, mchezo unaouona kwa macho ni mkubwa mno. Fundi mwenye leti anaweza kutoboa na kuweka bushi za shaba, na kazi hiyo ikifanywa kwa unyoofu hudumu kuliko kabureta nyingi za bei rahisi. Bushi zikikaa upande, kipepeo kitakwama wazi, kwa hiyo ujaribu kwa mkono mara nyingi kabla ya kuwasha.

Sasa ndipo skrubu zinaguswa. Skrubu ya mchanganyiko izungushe ndani taratibu hadi iguse, usiikaze, kisha itoe mizunguko miwili na nusu. Washa, ipate moto, izungushe kidogo kidogo hadi mshale wa geji ufike juu kabisa, halafu rudisha mwendo kwa skrubu ya silensa hadi mizunguko 700 au 750. Rudia mara mbili, maana skrubu moja inaathiri nyingine.

Kama yako ni 22R-E

Hapa hewa inapimwa na boksi lenye mlango wa springi, lililo baada ya eya klina. Kompyuta inaamini mlango huo tu. Kwa hiyo mpira mkubwa wenye mikunjo, unaotoka kwenye boksi hadi kwenye kipepeo, ni sehemu ya hatari: hewa inayoingia hapo haijapimwa. Mikunjo hupasuka upande wa chini, na hufunguka pale tu injini inapojipinda wakati wa kuondoka. Utoe kabisa, uvute kama kinanda cha mkono, uangalie kila mkunjo kwenye mwanga.

Kwa mfumo huu injini yenyewe ni sehemu ya njia ya hewa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa kwenye silensa: 22R-E isiyo na tundu itayumba au kuzimika mara moja. Isipobadilika, tayari kuna tundu kubwa mahali. Kijiti cha oili kisichokaa vizuri au kifuniko kilichopoteza mpira wake kinatosha kuharibu silensa. Angalia pia mipira midogo chini ya kila injekta, na gasketi kati ya sehemu ya juu na ya chini ya manifoldi.

Mlango wa boksi usukume kwa kidole: uende na kurudi bila kukwama. Boksi hilo lina swichi ya pampu ya petroli. Kati ya pini za boksi zilizoandikwa Fc na E1 multimita isionyeshe muungano mlango ukiwa umefungwa, na uonyeshe ohm sifuri ukifunguka kidogo. Ndiyo sababu tundu kubwa baada ya boksi huzima injini kabisa: mlango haufunguki, pampu inasimama. Kati ya pini THA na E2, za kupima joto la hewa, tarajia kilohm 2 hadi 3 kwa nyuzi joto 20, na karibu kilohm 1 kwa nyuzi joto 40. Usifungue kifuniko cheusi kukaza springi ya ndani.

Silensa inayopanda na kushuka kwa mpigo, kama inapumua, mara nyingi haitokani na tundu. Chini ya kipepeo kuna valvu ya hewa ya baridi inayofungwa na joto la maji ya rejeta. Maji yakipungua au hewa ikinaswa kwenye mipira yake midogo, valvu inabaki wazi, mizunguko inapanda, kompyuta inaona kipepeo kimefungwa na inakata petroli, mizunguko inashuka, petroli inarudi, na mzunguko unaanza upya. Jaza maji injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, pua ya gari ikiwa juu ya mwinuko, na uache hewa itoke kabla hujanunua sensa yoyote. Sensa ya kipepeo nayo ipimwe kwa fila geji kwenye kizuizi cha kipepeo: kwa 0.57 mm pini IDL na E2 za sensa hiyo ziungane, kwa 0.85 mm ziachane. Taimingi ya 22R-E ni nyuzi 5, ikipimwa pini TE1 na E1 za soketi ya kupimia zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Bila waya huo utasoma namba isiyo na maana.

Vumbi

Pitisha kidole safi ndani ya mdomo wa kabureta, au ndani ya mpira wa mikunjo kwa 22R-E, baada ya kichujio. Kusiwe na kitu. Mstari wa vumbi laini unaonyesha linapopita: kichujio kisichobana kwenye kiti chake, nati yenye mabawa ya eya klina iliyokazwa hadi kifuniko kikapinda, au gasketi iliyokosekana kati ya eya klina na kabureta. Kichujio cha karatasi kimulike kwa taa kutoka ndani kwenye giza. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu, kitupe. Kukipuliza kunaruhusiwa kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, mkono mbali. Kukiosha kwa petroli kunaharibu karatasi.

Ukikuta vumbi limepita, pima kompresheni (presha ya pistoni ikibana hewa ndani ya silinda) kabla ya kutumia pesa zaidi kwenye kabureta. Injini na moto, plagi zote nje, kipepeo wazi kabisa, betri imejaa. 22R mpya hutoa psi 171, mwisho wa kukubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Sehemu za mwinuko mkubwa namba zote zitashuka kwa pamoja, kwa hiyo tazama zaidi tofauti. Silinda iliyo chini imwagie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana ni ringi za pistoni zimelika. Isipopanda ni valvu, na hedi itashuka.